Maziwa ya Mzazi Yakionekana Haba: Namna ya Kutafuta Chanzo

Mzazi akiwa ndani ya arubaini yake, nyumba nzima ya Kiamu, yaani ya watu wa Lamu, huwa imeyaelekeza macho kwenye maziwa yake. Mama yake yupo, mavyaa yupo, jirani wa ukuta mmoja ameleta uji wa pilipili manga, na mtoto akilia mara ya tatu ndani ya saa moja hukumu hupitishwa papo hapo kwamba maziwa hayatoshi na kwamba afadhali mtoto apewe kitu. Mwongozo huu ni wa mzazi aliyehukumiwa hivyo na wa wale wanaomhudumia, ili wafuate dalili moja moja mpaka kwenye chanzo chake kabla ya kutia chochote kinywani mwa mtoto. Kwa ninavyoona katika kuwahudumia wazazi wa mitaa ya Langoni na Mkomani mjini Lamu na vijiji vya jirani, kile kinachoitwa uhaba wa maziwa mara nyingi huwa ni maziwa yanayotosha lakini hayatambuliwi, au ni maziwa yaliyopo ambayo hayamfikii mtoto. Uhaba unaotokana na mwili wa mama kushindwa upo, lakini ni wa wachache, nao nitaueleza mahali pake.

Jinsi maziwa yanavyotengenezwa

Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu iliyo kwenye chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo hutoa homoni mbili: prolaktini, inayoliamuru titi kutengeneza maziwa, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke yale yaliyokwisha kutengenezwa. Prolaktini hupanda zaidi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku katika wiki za mwanzo hakuna mbadala wake. La tatu ndilo linalosahauliwa: ndani ya maziwa yenyewe mna kitu kinachopunguza kasi ya utengenezaji pindi titi linapokaa limejaa. Titi si jabia la msikitini linaloachwa likusanye maji ya mvua hata lijae ndipo lichotwe. Likikaa limejaa hupunguza kazi yake, na likinyonywa vizuri huiharakisha. Mzazi anayeambiwa alipumzishe titi kwa nusu siku ili lijae anapewa ushauri unaoyakausha maziwa, na karibu kila tiba inayoelezwa hapa chini ni njia mojawapo ya kuyatoa mara nyingi zaidi na kwa ukamilifu zaidi.

Dalili zinazotisha bure na dalili za kweli

Kuna mambo yanayowatisha wazazi ambayo hayathibitishi lolote. Matiti yaliyokuwa magumu na mazito wiki ya kwanza hulainika baadaye, hasa yakaribiapo wiki sita, kwa sababu uvimbe umetoka na mwili umezoea kutengeneza kwa kadiri ya mahitaji. Kulainika huko si kukauka. Maziwa kutochuruzika kwenye nguo si dalili ya uchache, wala ukubwa wa titi hauhusiani na wingi wa maziwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya tofauti ya ukubwa ni mafuta. Kilio cha magharibi, ambacho wazee hukiita chango, huwapata hata watoto walioshiba kabisa. Mtoto anayetaka titi kila saa kwa siku mbili au tatu mfululizo, mathalani akiwa wa wiki tatu, wa wiki sita au wa miezi mitatu, kwa kawaida yuko katika kipindi cha kukua haraka, na kwa kunyonya hivyo anayaagiza maziwa ya wiki ijayo. Hata mtoto kuipokea chupa kwa pupa baada ya kunyonya hakuthibitishi njaa, maana mtoto mchanga hunyonya chochote kinachogusa kaakaa lake.

Dalili za kutegemewa ni uzito, mkojo na choo. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za kwanza, na kupungua hadi asilimia 7 si ajabu. Kukipita asilimia 10, yaani gramu 300 kwa mtoto aliyezaliwa na kilo tatu, mtoto na unyonyeshaji wake vikaguliwe siku hiyo hiyo. Uzito wa kuzaliwa unapaswa kuwa umerudi kufikia wiki mbili. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya mwanzo, watoto wengi huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, na mtoto anayepata chini ya gramu 500 kwa mwezi mzima ana upungufu unaohitaji kushughulikiwa. Kitabu cha kliniki kina ukurasa wenye mstari wa ukuaji, na mimi huuamini mstari huo kuliko maoni ya watu wote waliomo sebuleni. Mtoto apimwe kwenye mizani ile ile, akiwa hana nguo, kwa sababu mizani mbili tofauti zinaweza kuleta taharuki isiyo na msingi.

Kuanzia siku ya tano, mtoto anayenyonya vya kutosha hukojoa mara 6 au zaidi kwa siku nzima, na mkojo wake huwa mweupe usio na harufu kali. Anayetumia nepi za kitambaa na hana hakika kama nepi imelowa kweli amwagie nepi kavu vijiko vitatu vikubwa vya maji, aishike, aukariri uzito wake mkononi. Choo cheusi cha kunata cha siku za kwanza hugeuka kijani, kisha manjano kufikia siku ya nne au ya tano, na katika mwezi wa kwanza hutoka mara kadhaa kwa siku. Baada ya wiki sita mtoto anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo pasipo kuwa na tatizo.

Hapa pana mtego mmoja. Mtoto anayepewa maji pembeni hukojoa vizuri sana huku akikonda, kwa hiyo hesabu ya nepi ina maana kwa mtoto anayenyonya tu. Kwa mwingine, mizani ndiyo mwamuzi.

Maziwa hayajashuka siku ya tatu au ya nne

Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, huwepo tangu kabla ya kujifungua na ni machache kwa makusudi, kwa kuwa tumbo la mtoto la siku ya kwanza huridhika na kijiko kimoja hivi kwa mlo. Wako wanaoyaona machafu wakayakamua na kuyamwaga, na kwa kufanya hivyo humnyima mtoto kinga yake ya mwanzo. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne. Yakichelewa kupita hapo, vyanzo vya kawaida ni uzazi wa kwanza, uchungu wa muda mrefu, kujifungua kwa upasuaji, kisukari, unene mkubwa na kupoteza damu nyingi. Kipo pia chanzo kisichopaswa kupuuzwa hata kidogo, nacho ni kipande cha kondo la nyuma kubaki tumboni, kwa sababu homoni za kondo ndizo zinazoyazuia maziwa yasishuke. Mzazi ambaye maziwa yake hayajashuka na bado anatokwa na damu nyingi, au ana homa, au anatokwa na uchafu wenye harufu mbaya, arudi hospitali bila kungoja arubaini imalizike.

Kwa wengine dawa yake ni ngozi kwa ngozi. Mtoto avuliwe abaki na nepi, alazwe kifuani pa mama aliye wazi, wafunikwe kwa leso, na aachwe ajitafutie titi. Akiwa hanyonyi vizuri, mzazi ayakamue kwa mkono kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia, na hicho kidogo kinachopatikana mtoto apewe kwa kijiko au kikombe kidogo kilicho safi. Matone yanayoonekana si kitu siku ya pili ndiyo yanayoamua kiasi cha wiki ya tatu.

Katika siku hizo hizo ndipo maji ya sukari huingia nyumbani. Tahaniki, kwa wanaoifuata, ni mguso mdogo wa tende wa mara moja kwa kidole kilichooshwa na mtu asiye mgonjwa, na sioni kwamba ndiyo inayoharibu unyonyeshaji. Kinachouharibu ni vijiko vinavyofuata baadaye kila mtoto akilia. Asali isitumike hata kwa mguso, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu, ambavyo tumbo la mtoto aliye chini ya mwaka mmoja haliwezi kupambana navyo.

Mtoto hunyonya muda mrefu lakini hatosheki, na chuchu zinauma

Dalili hizi mbili zikija pamoja, usitafute dawa ya kuongeza maziwa kabla ya kutazama jinsi mtoto alivyoshika titi. Naomba msomaji asilipite fungu hili upesi, kwa sababu hapa ndipo penye matatizo mengi kuliko mahali pengine popote.

Tazama mzazi anavyokaa. Ameketi kitandani akiinama, mtoto amelazwa chali mapajani na kichwa tu ndicho kilichogeuzwa kuelekea titi, na mama amelibana titi kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, akiogopa mtoto asizibwe pua. Mambo yote matatu yanazuia maziwa. Aliyegeuza shingo hamezi vizuri. Jaribu mwenyewe kumeza maji huku umeangalia begani. Vidole viwili navyo vinalivuta titi nje ya kinywa na kubana mirija karibu na chuchu. Mama mwenyewe, kwa kuinamia mtoto, atachoka mgongo baada ya muda mfupi na kulikatiza lile zoezi kabla mtoto hajafika kwenye maziwa mazito ya mwisho.

Rekebisha hivi. Mtoto ageuzwe mwili mzima, tumbo lake liguse tumbo la mama, na sikio, bega na nyonga vikae kwenye mstari mmoja. Mama aegemee nyuma na mtoto ndiye aletwe kwenye titi. Chuchu imguse mdomo wa juu na kuelekea puani, mama asubiri mpaka kinywa kipanuke sana kama cha kupiga miayo, kisha amvute kwa wepesi, kidevu kikitangulia. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, kinywa kiko wazi sana, na sehemu nyeusi inayoizunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Titi lishikwe kutoka chini kwa kiganja, vidole vikiwa mbali na sehemu nyeusi. Hofu ya pua haina msingi mkubwa, maana mtoto aliyebanwa huachia mwenyewe. Akihitaji nafasi, makalio yake yavutwe karibu zaidi na pua itajifungua.

Kisha sikiliza. Mtoto anayepata maziwa huanza kwa kunyonya harakaharaka, halafu huingia katika mwendo wa pole: taya linashuka sana, linatua kidogo, na pumzi ya kumeza inasikika. Mlio wa kubusu, mashavu yanayobonyea ndani, au chuchu inayotoka kinywani ikiwa imebanwa upande na ina mstari mweupe, vyote vinaonyesha kwamba mtoto anatafuna chuchu badala ya kulikamua titi. Maumivu kidogo ya sekunde za mwanzo katika siku za awali yanavumilika. Yanayoendelea muda wote wa kunyonya yana sababu. Mwachishe kwa kutia kidole safi pembeni mwa kinywa, umshikishe upya, hata ikibidi mara nne.

Ikiwa mkao umerekebishwa na maumivu yamebaki, mwonyeshe mhudumu wa afya kinywa cha mtoto. Utando mfupi chini ya ulimi unaweza kuuzuia ulimi usitokeze mbele, nao hukatwa na mtaalamu kwa dakika chache pale inapoonekana kuwa ndio unaozuia kunyonya. Madoa meupe yasiyofutika kinywani pamoja na chuchu zinazowaka ni fangasi, na mama na mtoto hutibiwa pamoja. Titi lenye sehemu nyekundu, ngumu, yenye joto, na mama ana homa, lina maambukizi yanayohitaji dawa, lakini mtoto aendelee kulinyonya, kwa sababu kuliacha limejaa huzidisha ugonjwa na hupunguza maziwa kwa pamoja.

Maziwa yalikuwa tele, kisha yakapungua

Swali la kwanza la kuuliza ni nini kilichoongezwa au kilichoondolewa katika wiki mbili zilizopita. Jibu mara nyingi ni maji. Joto la kaskazi linapokuwa kali, bibi humwonea mtoto huruma kwa moyo safi kabisa na kusema, "Mwanangu, wewe unakunywa maji na huyu je? Mpe japo vijiko viwili." Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata katika joto la Lamu, na mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji mengine yoyote, akitaka maji, hunyonya mara nyingi zaidi kwa muda mfupi mfupi. Vijiko vile hujaza tumbo dogo, mtoto huruka zamu moja ya kunyonya, titi hukaa limejaa, na utengenezaji hupungua. Mtoto hulia zaidi, maji hugeuka kuwa uji mwepesi, na kufikia mwezi wa tatu titi kweli limepungua, ikaonekana kwamba bibi alikuwa ameona mbali. Nimechagua kulieleza kwa kirefu kwa sababu bibi hawezi kushindwa kwa kukatazwa. Hushawishika akipewa kazi nyingine, kama kumbembeleza mtoto kati ya zamu au kumhimiza mzazi mwenyewe anywe maji.

Chupa na nyonyo bandia huleta madhara yayo hayo kwa njia nyingine. Chupa hutiririka bila kazi, na mtoto aliyeizoea hulikasirikia titi linalomtaka akamue. Nyonyo bandia humtuliza mtoto aliyekuwa akiomba kula. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo na vifaa vyake, kwa hiyo mzazi anayeshauriwa kopo moja kwa jina la kampuni, au anayepewa sampuli ya bure, ana haki ya kutilia shaka nia ya mshauri.

Ratiba nayo huchangia. Kunyonyesha kila saa nne kwa kufuata mkono wa saa hakutoshi. Mtoto mchanga anahitaji mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Kumbadilisha titi kila baada ya dakika kumi kwa haraka, au kumpokonya mtoto kabla hajaliacha mwenyewe, kunayaacha maziwa ndani. Mtoto aliyeanza kulala usiku mzima akiwa wa mwezi mmoja hufurahisha, lakini kwa mzazi ambaye maziwa yake yanashuka ni jambo la kurekebisha.

Baada ya hapo tazama dawa. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hupunguza maziwa, na kwa kawaida mnyonyeshaji hushauriwa asivitumie katika miezi 6 ya mwanzo. Vidonge vya projestojeni pekee, kipandikizi na kitanzi ni chaguo bora la kujadiliwa na muuguzi. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini, ambazo hununuliwa dukani bila maswali, zinaweza kuyashusha maziwa kwa dozi chache tu. Sigara pia huyapunguza. Ujauzito mpya huyapunguza bila mtu kujua, kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ameanza kulikataa titi ghafla, na yeye mwenyewe ana kichefuchefu, apime.

Anayerudi kazini ana tatizo la aina yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, ingawa mwalimu wa shule ya mji wa Hindi, huko bara, au mfanyakazi wa hoteli ya kijiji cha Shela anajua kwamba mahali hapo mara nyingi huwa ni stoo iliyofungwa pazia. Pamoja na hayo, zamu mbili au tatu za kukamua katika siku ya kazi ndizo zinazoilinda hali ya maziwa. Yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzijoto 25, jambo ambalo mchana wa Lamu haliwezekani bila kiyoyozi, kwa hiyo yatiwe mapema kwenye friji, yanakodumu hadi siku 4, au kwenye chombo chenye barafu.

Mtoto analala mno na hulegea kwenye titi

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo, au mwenye manjano machoni na ngozini huweza kulala akiwa na njaa, na nyumba ikamsifu kwa utulivu. Asiachwe apitishe saa tatu bila kunyonya. Avuliwe nguo, akandwe nyayo, abadilishwe nepi, na mama alibonyeze titi taratibu kwa kiganja kila kasi ya kumeza inapopungua ili maziwa yaendelee kutiririka. Manjano yaliyoonekana ndani ya saa 24 za mwanzo, au yaliyofika viganjani na nyayoni, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Kumweka mtoto juani asubuhi si tiba yake.

Nikikamua hapatoki kitu

Pampu haipimi maziwa. Ubongo huitoa oksitosini kwa sauti, harufu na mguso wa mtoto, na hofu, maumivu au aibu ya kukamua mbele ya watu huizuia kwa muda. Kanda titi kwa kitambaa cha uvuguvugu, mkumbatie mtoto au itazame hata nguo yake, kisha weka kidole gumba na cha shahada nyuma kidogo ya mpaka wa sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, bila kuburura ngozi. Matone ya kwanza yanaweza kuchukua dakika mbili. Kukandwa mwili kwa maji moto na mkunga wa nyumbani, pale panapofanywa kwa upole, humtuliza mzazi, na utulivu huo ndio faida yake kwa maziwa.

Chakula, uwatu na dawa

Mzazi anayenyonyesha anahitaji nyongeza ya kalori kama 500 kwa siku, ambayo ni mlo mdogo wa ziada: wali na mchuzi wa samaki, mchicha, maharagwe, viazi vitamu, tende na maziwa. Anywe akiona kiu. Kujilazimisha mitungi ya maji hakuongezi tone. Supu ya kuku na uji wa pilipili manga ni chakula kizuri na namsihi mzazi asivikatae, ila vinamsaidia yeye kuliko vinavyoliamuru titi. Papa nampinga, kwa kuwa samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki mwilini, na mnyonyeshaji ni mmoja wa wanaoshauriwa kumwepuka. Tasi, changu na dagaa ni bora.

Uwatu umetumika pwani tangu zamani, na baadhi ya wazazi huona mabadiliko, lakini ushahidi wa utafiti ni dhaifu na unapingana. Huweza kushusha sukari ya damu, kuharisha, na kuongeza nguvu ya dawa za kuzuia damu kuganda, kwa hiyo mwenye kisukari au anayetumia dawa hizo aulize kwanza. Majani ya mlonge ni mboga nzuri, na tafiti ndogo zilizofanywa Ufilipino zimeleta matumaini kidogo. Hakuna kimoja kati ya hivi kitakachofanya kazi ikiwa mtoto ameshika titi vibaya. Domperidoni, ambayo wengine huinunua wakiisikia kwa marafiki, huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ni dawa ya daktari na ya baada ya sababu nyingine zote kuchunguzwa. Kuhusu Ramadhani, mwenye kunyonyesha amepewa ruhusa ya kula akihofia nafsi yake au mtoto, na yule ambaye mtoto wake haongezeki uzito ana sababu iliyo wazi ya kuitumia.

Kuyarudisha maziwa yaliyopungua

Chanzo kikishajulikana, kazi ya kuyarudisha ni ya mchana na usiku kwa siku kadhaa, na mzazi aondolewe kazi nyingine zote za nyumba. Mtoto awe kifuani muda mwingi, anyonye angalau kila saa mbili mchana na kila saa tatu usiku, matiti yote mawili kila zamu, na likiisha la pili arudishwe la kwanza. Baada ya kunyonya, mama akamue dakika kumi hivi. Wengi huanza kuona tofauti kati ya siku ya tatu na ya saba, na waliokuwa wameacha kabisa huhitaji wiki.

Mtoto aliyekwisha kuanza kopo asikatishwe ghafla, kwa kuwa mwenye njaa na asiye na nguvu hawezi kunyonya. Kopo lipunguzwe kidogo kidogo, kama mililita 50 kwa siku nzima, huku uzito ukifuatiliwa kila wiki, na lipewe kwa kikombe wala si kwa chupa. Njia nzuri zaidi ni mrija mwembamba wa hospitali, ncha moja ikiwa kwenye kikombe na nyingine ikibandikwa karibu na chuchu, mtoto akapata nyongeza huku akilichochea titi.

Pale mwili unaposhindwa

Wapo ambao watafanya yote haya na maziwa hayatatosha. Aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kuwa tezi ya ubongoni inayotoa prolaktini imeumia. Aliyefanyiwa upasuaji wa titi anaweza kuwa mirija yake imekatwa. Wachache wana matiti ambayo tishu ya maziwa haikukua, na huwa hawakuona mabadiliko yoyote wakati wa ujauzito. Ugonjwa wa tezi ya shingo inayoitwa thairoidi nao unaweza kupunguza maziwa, na hupimwa kwa damu. Upungufu mkubwa wa damu nao hupimwa na kutibika. Mzazi wa namna hii aendelee kunyonyesha kile alichonacho na kukijazia kwa maziwa ya kopo yaliyochanganywa sawasawa na maelekezo, bila kuongeza maji ili yadumu, na bila kutumia maziwa ya ng'ombe wala uji kabla ya miezi 6. Hana kosa lolote, na wanaomwambia angejitahidi zaidi wanakosea.

Dalili za kutosubiri ni hizi: mtoto amekojoa chini ya mara 3 kwa saa 24 baada ya siku ya nne, utosi umebonyea, kinywa kimekauka, ana homa au mwili wa baridi, hawezi kuamshwa anyonye, au anatapika kila anachomeza. Aliye mjini atafika hospitali kwa miguu, kwa punda au kwa boti ya dakika chache. Aliye Kizingitini, Siyu au Kiwayu ana safari ya bahari ambayo wakati wa kusi huwa nzito, na mkondo wa Mkanda, unaopitiwa kuja Lamu mjini, hupitika vizuri maji yakijaa tu. Kwa hiyo aanze kwenye zahanati ya karibu dalili ya kwanza ikionekana, aulize nahodha saa ya maji asubuhi ile ile, na njiani aendelee kumnyonyesha au kumpa maziwa yaliyokamuliwa kwa kijiko.